Sheha na Kufuli la Kisimani

Shoga yangu Ummu, nimetoka kwenye mkutano wa sheha pale kisimani sasa hivi, bado hasira hazijaniisha.

Kile kisima chetu cha Kengeja, cha karibu na msikiti, kilichochimbwa na babu zetu, kakitia kufuli! Ati anayetaka maji akaombe ruhusa kwake.

Nikasimama nikamwambia, "Sheha, kuteka maji hapa ni haki yetu."

Akacheka. Ummu, akacheka! "Haki unapewa na serikali, mwanangu. Serikali isipokupa, huna."

"Na bibi zetu walioteka kabla ya serikali hii kuwepo?"

"Wale hawakuwa na haki. Walikuwa na bahati."

Bahati! Wallahi kasema bahati, kajituna kama katoa fatwa. Na wanaume wetu wamekaa kitako wanatikisa vichwa kama mijusi.

Sasa sikiliza. Adhuhuri ikaadhiniwa. Bwana mkubwa huyo akafungua kufuli lake, akateka ndoo, akakunja mikono ya kanzu atie udhu. Hapo hapo kisimani, mbele yetu, bila haya!

Nikakumbuka tulivyofunzwa chuo cha Kurani mie na weye. Nikamwambia, "Sheha, maji ya kunyang'anya ni haramu kutilia udhu, mpaka wenyewe waridhie. Na haramu hiyo haikutungwa na serikali yako."

Hata mijusi wetu wakaacha kutikisa vichwa.

Akatugeukia, mmoja mmoja, anangoja mtu aseme, "Tumeridhia."

Msikitini washakimu sala, shoga. Nimemwacha kasimama na ndoo yake, mikono mikavu.