App yangu imemwaibisha mathe kanisani

Becky uko? Nimejificha choo ya kanisa hapa Kiganjo na sitoki.

Ile app yangu ya familia za kanisa, si leo nilikuwa naionyesha watu kwa projekta? Nikaita mathe awe wa kwanza, nikiringa.

Akabonyeza jina lake kwa simu yangu. Skrini yote ikawa nyekundu: "type 'Null' is not a subtype of type 'Mume'."

Kwa ukuta, Becky. MUME! Yaani code ilitafuta bwana yake, ikakosa, ikakwama.

Mathe akanirudishia simu polepole: "Woi, pole, nimekuharibia kazi."

Ati pole. Yeye ndio anasema pole!

Na ni mimi niliandika kila mama lazima awe na mume. Mimi, mwenye mathe alilea peke yake.