Maoni Aliyoniomba Baba

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimekuacha na kazi zinakwenda. Mimi mzima, ila sikio la kulia linawaka moto.

Nimepata kibarua cha baada ya masomo, kwenye kampuni ya kura za maoni. Tunakaa wanafunzi wengi chumba kimoja, kila mtu na kompyuta yake na visikilizio kichwani, tunawapigia watu tusiowajua. Bei za vitu unazionaje? Maji yanatoka? Viongozi unawaamini? Wengine wanakata simu kabla sijamaliza salamu. Jana mmoja aliniuliza kama nina mchumba.

Msimamizi wetu tunamwita Kipaza, maana hajui kunong'ona. Kwake kanuni ni moja: soma swali kama lilivyo, usitie neno lako. Ukichekeshwa, usicheke. Mtu akikutajia msiba wake, usimpe hata pole. Unasema, "Asante, tuendelee."

Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Nikitoka kazini sitaki hata kuiona simu.

Binti yako

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kimepungua, vumbi la mbao ndilo halipungui. Hongera kwa kazi. Nimewatangazia hapa karakana kwamba binti yangu analipwa kwa kuuliza maswali. Fundi mwenzangu akasema mke wake anauliza bure.

Sasa kwa kuwa umekuwa mtaalamu wa maoni, na mimi nina langu. Unamjua Mshonaji, yule mama mwenye cherehani mkabala na karakana yetu. Tangu mama yako atutoke, yeye ndiye anayenijulia hali. Nisipofungua mlango asubuhi, anakuja kugonga. Tumezoeana, na tumezungumza habari ya kuishi pamoja kwa ndoa. Anangoja jibu langu. Nimemwambia acha kwanza nimuulize mtoto.

Haya, nimekuuliza. Unaonaje? Niambie ukweli, hata kama ni mchungu.

Baba yako

27 Machi

Baba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, mitihani na kazi vimenibana. Mimi sijambo.

Kuhusu lile uliloniuliza, sina la kusema. Wewe ni mtu mzima, fanya unavyoona.

Mvua huko zimeanza? Huku ni vumbi tu.

Binti yako

10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipata na nimeielewa. Lile jambo tumeliacha, usiumize kichwa. Soma.

Mvua zimeanza. Mbao hazikauki.

Baba yako

6 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. U hali gani? Nauliza kwa aibu, maana uliponiandikia kwamba mmeliacha lile jambo, nilifurahi, nikanyamaza.

Jana nilimpigia mzee mmoja. Alikuwa mpole, anafikiri kabla ya kujibu. Tukafika kwenye swali la watu wangapi wanaishi nyumbani. Akasema, "Wawili." Kisha akasema, "Hapana, ngoja binti. Nimezoea tu kusema wawili. Andika mmoja."

Nikaandika. Kanuni ilinitaka nisome swali linalofuata. Nikamwambia, "Pole, baba." Neno lenyewe lilinitoka tu. Kumbe Kipaza alikuwa anasikiliza kwenye laini. Alikuja akanigusa bega, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema chinichini: "Nenda nje kidogo."

Nikakaa kwenye ngazi, nikakuwaza unarudi kutoka karakana, unafungua mlango, na ndani hakuna wa kukuuliza umeshindaje.

Baba, nilikuandikia kwamba sina la kusema. Nilikuwa nalo. Niliogopa kwamba yule mama akiingia, mama yangu atakuwa ametoka kabisa. Nilijifikiria mimi, wewe sikukufikiria. Watu baki nawasikiliza mpaka mwisho kila siku, halafu baba yangu nikampa mistari miwili na habari za mvua.

Mwoe, baba. Mwambie leo leo. Nikija likizo nitamwamkia kwa heshima zote, na tutazoeana.

Binti yako

22 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikaitia mfukoni nikaenda nayo kazini.

Usijilaumu sana. Mtu wa umri wangu hakupaswa kukutwisha uamuzi wake. Nilikuwa na woga, nikataka ruhusa yako ili woga uniishe. Hukunikataza. Ni mimi niliyesoma hiyo barua yako fupi nikaona nimekatazwa.

Mshonaji ameondoka. Dada yake alimwita wakashone pamoja, huko mbali anakoishi. Alisitasita wiki kadhaa, na kila asubuhi nilimwona mlangoni kwake akinitazama, nami nikijifanya napiga randa. Mwisho wa Mei gari la mizigo likaja.

Wapakiaji walitaka kuitupia cherehani juu ya magodoro. Nikawazuia. Nilikuwa nimeitengenezea sanduku la mbao, nikaiweka humo, nikaipandisha garini na kuifunga kamba. Yeye alisimama kando, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Nilipomaliza akanishukuru, halafu akasema, "Ungeniambia nisubiri, ningesubiri."

Nikazunguka mbele nikamwomba dereva aende taratibu, barabara ina mashimo.

Baba yako