Kuruka na Mgongo Huu

Lubumbashi, Jumanne asubuhi

Dada yangu Mwajuma,

Assalam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ukiisoma umesimama utaanza kutafuta viatu uje huku. Basi nikuambie kabisa: mimi ni mzima, natembea, nakula. Na wewe je? Goti limepungua kuuma? Shemeji kifua kimetulia, au bado anakataa dawa? Nasikia mvua zimechelewa huko Kigoma. Huku zimekuja kwa fujo, njia ya kwetu ni matope matupu, na Salma anarudi kutoka shuleni hajulikani viatu ni vya rangi gani.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu wewe husikia pumzi yangu kabla hujasikia maneno, na mambo haya nataka niyaseme mpaka mwisho. Barua nampa dereva mwenzangu anayeshuka Tunduma, huko ataipakia kwenye basi la Kigoma.

Ile habari ya kuanguka kwangu kutoka juu ya trela unaijua. Unajua nilikuwa nafunga turubai juu ya magunia ya unga, mguu ukateleza, nikatua kwa mgongo kwenye sakafu ya yadi. Unajua pingili moja ya uti wa mgongo ilipata ufa, nikalala sana, nikavaa mkanda, nikaanza kutembea. Ambacho hujui ni kilichotokea baadaye. Siku niliyorudi kazini nilishika mpini wa mlango wa lori ili nipande, kama nilivyofanya maisha yangu yote, na mikono ikawa baridi. Nikaona ile sakafu inanijia. Nikawaambia wenzangu mgongo bado unauma, nikarudi nyumbani. Kesho yake vilevile. Dereva asiyeweza kupanda lori, dada! Wenzangu walinionea huruma, wakadhani ni mfupa. Nami nikawaacha wadhani hivyo.

Sasa, mwezi uliopita ilikuja timu ya watu wa kuruka na parachuti kutoka Afrika Kusini. Walipiga hema lao Luano, kando ya uwanja wa ndege, na mwenye pesa zake aliweza kwenda kuruka akiwa amefungwa kifuani mwa mwalimu. Mizigo yao ililetwa na malori ya kampuni yetu, na kwa shukrani wakatoa nafasi moja ya bure kwa wafanyakazi. Wenzangu wakakaa, wakajadili, wakasema apewe Yusufu, ameteseka huyu, afurahi kidogo. Kapend, fundi wa matairi, yule mwenye sauti kubwa niliyekusimulia, ndiye aliyekuja kunipa habari. Akanipiga bega. "Vieux Yusufu, utaruka juu ya siye bote!" Yaani mzee Yusufu, utaruka kwa ajili yetu sote; ndivyo wanavyosema huku.

Niliitikia kwa kucheka.

Utaniuliza kwa nini sikukataa palepale. Kwanza ni aibu. Pili, na hili ndilo lililonishika, nilianza kufikiri kwamba pengine ndiyo dawa. Nikajiambia: mtu aliyeruka kutoka kwenye ndege, ngazi ya lori itamtisha nini? Niruke mara moja, hofu ianguke huko juu, mimi nishuke bila yake. Wazo hilo lilinikaa kama homa.

Nilikwenda kwa daktari aliyenitibu, hospitali ndogo hapo mjini. Akatazama picha, akanigongagonga mgongo, akavua miwani.

"Papa Yusufu, mufupa ulisha kukauka. Kutembea, tembea. Ata kule juu, upepo hautakufanya kintu. Lakini kufika chini, pale njo kuko shida. Ukifika mubaya, ule mufupa unaweza kupasuka tena. Na safari hii inaweza kukamata mushipa."

"Ukikamata mshipa inakuwaje?"

Alitazama miguu yangu.

Nikamwuliza, basi unanikataza? Akasema yeye hanifungi kamba, mimi ni mtu mzima, lakini kama ningekuwa mdogo wake asingenipa ruhusa. Nilitoka pale nikasimama kando ya barabara bila kujua naelekea wapi. Mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, sijui kwa ugonjwa au kwa maneno.

Aziza nilimwambia jikoni, akiwa anapika bukari. Wewe unamjua wifi yako, watu wao wa Maniema hawapigi kelele. Aligeuza ugali wake hadi ukaiva, akauepua, ndipo akasema, "Baba Salma, weye uko na akili kweli? Mugongo yako haiyapona, unataka kuiangusha kutoka mbinguni?"

"Nafungwa na mwalimu."

"Mwalimu atakubeba na kiti cha magurudumu pia?"

Tukala. Sikumwambia habari ya ngazi ya lori. Nilidhani akijua kwamba aliolewa na dereva anayeogopa lori, kitu fulani kitavunjika ambacho hakuna daktari wa kukiunga.

Jumapili tukaenda Luano. Aziza alikuja bila kuitwa, amevaa kitenge chake cha sherehe, uso kama wa mtu anayekwenda matangani. Kapend na wenzake walikuwa wamefika na simu zao, tayari kunipiga picha. Ndege yenyewe, dada, ilikuwa kitu kidogo, imetolewa mlango mzima, pana tundu tu ubavuni. Nilipoliona lile tundu nilirudi nyuma hatua moja.

Mwalimu wangu aliitwa Tresor, kijana wa Likasi aliyekwenda kujifunzia kazi hiyo Afrika Kusini. Akaniketisha kwenye nyasi, akaniambia tunapotua mimi nitanyanyua miguu mbele, niishike, ili yeye ndiye atangulie kugusa chini. "Onyesha."

Nikanyanyua. Maumivu yalinianza kiunoni yakashuka na mguu wa kushoto hadi kwenye kisigino, na mguu ukaanza kutetemeka mbele ya watu wote.

"Unasikia maumivu?"

"Hapana," nikasema.

Akanivalisha mikanda, akaikaza. Kila alipovuta nilibana meno. Kisha akachuchumaa, akanitazama usoni, akasema polepole ili wengine wasisikie:

"Papa, miye njo nitakuwa nyuma yako. Kama miguu yako inaanguka mbele ya yangu, tunavunjika bote wawili. Niko na bibi, niko na batoto. Uniambie kweli tu."

Dada, mimi nilikuwa nimeupigia hesabu mgongo wangu tu. Kwamba kuna mgongo wa mtu mwingine nyuma ya huu wangu, hilo sikulifikiria hata kidogo. Nikamwambia. Nilimwambia ufa, nikamwambia ganzi, na maneno yalipoanza kutoka hayakutaka kusimama, nikamwambia hata ngazi ya lori. Aziza alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale. Alisikia yote. Sikuthubutu kumtazama.

Tresor hakunicheka. Alifungua mikanda mmoja mmoja. "Leo hauruki," akasema. "Lakini kama unataka kupanda, uone, urudi chini na pilote, nafasi iko. Utakaa, tutakufunga. Kama hautaki, hakuna shida."

Nikageuka kwa Aziza. Alikuwa analia bila sauti. "Usipande juu ya bale benye simu," akasema. "Kama unapanda, panda juu yako."

Sijui kama nilifanya la busara. Nilipanda. Nafasi yangu ya kuruka ikachukuliwa na Kapend, aliyesema yeye haogopi kitu. Tukakaa sakafuni, mimi nimefungwa mkanda nyuma ya rubani, Kapend mbele yangu amebanwa kifuani mwa Tresor. Lubumbashi ikawa ndogo chini yetu, kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba kikawa kama fungu la mkaa. Kapend alinyamaza. Sijawahi kumwona Kapend akinyamaza. Walipomsogeza kwenye lile tundu aliita, "Mama! Mama yangu!" na mama yake amekufa zamani. Mara pale alipokuwa pakawa hapana mtu.

Nikabaki mimi, upepo, na tundu.

Nilikuwa nategemea kwamba hapo ndipo hofu ingeniacha. Haikuniacha. Rubani aliinamisha ndege ghafla kuelekea chini, na ile ardhi ikanijia, hasa kama sakafu ya yadi ilivyokuwa ikinijia kila siku, ila sasa ilikuwa ya kweli, na pembeni yangu hapakuwa na ukuta. Nilipiga kelele. Nikashika chuma fulani mpaka kucha zikauma. Wewe ulinifulia nguo nilipokuwa mdogo, kwa hiyo wewe naweza kukuambia: nililoa.

Tulipotua, rubani alizima injini, akageuka. Alikuwa mama wa Kizungu, mzee, nywele nyeupe, hatuna lugha moja. Aliona. Alivua koti lake, akaninyooshea, akaonyesha kwa mkono nijifunge kiunoni.

Nje, wote walikuwa wamemzunguka Kapend aliyekuwa anasimulia jinsi ambavyo hakuogopa. Hakuna aliyenitazama ila Aziza. Aliona koti, akaelewa, akanishika mkono, tukaenda zetu kutafuta teksi.

Njiani ndipo aliponiambia jambo ambalo limenifanya nichukue kalamu. Alisema tangu nilipoanguka, kila alfajiri kabla sijaamka, yeye hunigusa vidole vya miguu kuona kama vitacheza. Hajaacha hata siku moja. "Uliniona kama siogope," akasema. "Minaogopa kila siku. Lakini ulikuwa unanyamaza, na miye nikanyamaza."

Tulifika nyumbani tumeongea kuliko tulivyoongea mwaka mzima.

Jana nilikwenda kwa patron, mkuu wetu wa kazi, nikamweleza kwamba lori siwezi tena kulipanda, na sababu si mfupa peke yake. Alikasirika kwanza, kisha akakubali. Lori langu atampa mtu mwingine. Mimi nitakaa ofisini kupokea simu za madereva waliokwama njiani, maana njia zote hizo nazijua. Nilipompa ufunguo nilihisi kama nimemkabidhi mtoto. Wenzangu watasema watakayosema. Daktari ameniongezea mazoezi, na mguu wa kushoto bado unakufa ganzi nikikaa sana, kama sasa. Nisikufiche, bado naogopa. Naogopa ganzi hii, naogopa ofisi, naogopa siku Salma atakaponiuliza lori liko wapi.

Mwambie Baba kwamba nimebadilishiwa kazi, inatosha; ya ndege umfiche mpaka nije mwenyewe. Msalimie shemeji, umwambie anywe dawa. Msalimie shangazi anayeuza dagaa, na binamu yetu fundi cherehani, Aziza anashukuru kwa zile lesi. Mwalimu wetu wa madrasa, kama bado yupo, mwombe aniombee dua. Salma anakuamkia, shikamoo shangazi. Wifi yako ameketi hapa ubavuni, amesoma kila mstari, anasema nisifute lile la koti.

Ni mimi mdogo wako,
Yusufu