Ile filme ya jana kwenye ukumbi wa parokia

Papa Esdras,

Maharagi iko ndani ya sufuria ndogo, yameiva, ongeza tu chumvi. Mboga ya sombe ni ya Carmel wetu akitoka masomo. Mbuzi umufunge mbali na mihogo ya jirani.

Ninaenda Bweremana kwa dada yangu Adelaïde. ~~Nitarudi magaribi.~~ Nitarudi kesho, ao kesho kutwa.

Jana Jean-Luc, yule wa parokia, alituambia ile filme imepata zawadi huko Ulaya, kwamba inachekesha na kuliza pamoja. Mimi haikunichekesha, haikuniliza. Walipoonyesha sanduku la maiti likianguka toka juu ya pikipiki, ndani ya matope, na wenye kulisindikiza wakigombana, watu wengine walikasirika wakatoka. Wengine walicheka. Nikageuka kukuangalia, na wewe ulikuwa unacheka.

Na sisi tulimuleta mutoto wetu Esdras toka Pinga juu ya pikipiki, mvua ikinyesha. Ni wewe ulishika sanduku njia yote.

Leo asubuhi nilikuuliza ulicheka nini. Ukasema, "Mama, ile ni filme tu. Wote walikuwa wanacheka." Kisha ukachukua jembe ukaenda shambani.

Sina hasira. Nimeitafuta tangu ulipotoka, sijaipata. Wale waliotengeneza filme hawakumujua Esdras, siwezi kuwalaumu. Lakini wewe ulimujua.

Ukitoka, ufunguo uache kwa Mama Dancille.

Mama Esdras