Nilimkana Binti Yangu Mlangoni mwa Kanisa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usinicheke kabla hujamaliza kusoma. Mimi ni mwalimu mstaafu, katibu wa kanisa letu hapa Bungoma, tulikohamia nilipostaafu, na binti yangu Nasimiyu aliacha masomo ya uhasibu mwaka wa pili akaenda kusomea kuchomelea vyuma, sasa ana karakana yake Kitale, lakini mimi kwa aibu niliwaambia watu yuko benki, na nimesema hivyo miaka minne mpaka mchungaji humwombea apandishwe cheo. Juzi kanisa lilitaka mlango wa chuma, mwenyekiti wetu Barasa akasikia fundi mmoja wa Kitale akisifiwa, akamwita, na nilipofika uani nikamkuta ni yeye, amevaa ovaroli, uso una masizi, akatabasamu akaanza, "Ba...," nami nikamkata haraka, "Karibu fundi, unaitwa nani?"

Alinitazama. Kisha akasema, "Niite tu fundi, mzee."

Alifanya kazi siku mbili. Mama yake alikuwa Lugulu kumuuguza dada yake, hajui lolote lililotokea. Mimi nilishindwa kuacha kumtazama akichomelea, mpaka akazima mashine akaniambia, "Mzee, usiangalie moto, utaumia macho," na Barasa akasema, "Huyu msichana ako na adabu bana, wazazi wake walifanya kazi," nami nikaitikia, "Ni kweli."

Tangu siku hiyo hashiki simu yangu. Jumapili mlango utazinduliwa, naye amealikwa, na aliyechaguliwa kumshukuru fundi ni mimi. Naona aibu hata kula. Nijifanye mgonjwa ama nifanyeje?

Katibu, Bungoma

Katibu,

Pole. Lakini pole yako ni ndogo, kubwa nimemwekea Nasimiyu. Barua nzima unahangaika waumini watasema nini, na hujauliza hata mara moja mtoto alirudi Kitale akiwa na hali gani. Alikusitiri mbele ya wenzako, akakulinda hata macho yako, nawe ukapokea sifa za malezi yake bila kumtaja. Mwalimu mzima!

Hiyo benki yako ifunge leo. Binti yako anaitwa kutoka mji mwingine kwa sababu kazi yake inasifiwa. Aibu hapo iko wapi?

Kujifanya mgonjwa? Thubutu! Kesho nenda Kitale, karakanani kwake, mchana, wafanyakazi wake wakiwepo. Usimvute pembeni, wala usianze kueleza ulivyoogopa. Mwambie, "Mwanangu, nilikukana, nisamehe." Akikufokea, sikiliza. Akikataa kuja Jumapili, usimlazimishe, si kazi yake kukusafisha. Wewe simama hata hivyo, useme aliyetengeneza mlango ni mtoto wako, na kwamba hujawahi kuwa na mtoto benki. Watacheka, na mchungaji huenda akakasirika. Vumilia. Yeye alivumilia siku mbili, na baba yake alikuwa amesimama hapo hapo.

Mshauri Chepkirui