Bei ya Yichen

Redwood City, California
Septemba 14

Manong Crispin, kaka yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi Amparo na watoto, na Mama pia. Natumaini kifua kinakupa nafuu na joto la Delano limeanza kupungua, maana najua mko katikati ya kukata zabibu na vumbi la wakati huu halina huruma. Goti la Mama linaendeleaje? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio una hasira, na hasira hiyo imenifanya niichane barua hii mara mbili kabla ya hii unayoisoma.

Umenipigia simu wiki tatu sikupokea. Ujumbe wako nimeusikiliza wote. Unauliza kwa nini watu walikuja zahanati wakaichomoa ile kompyuta yetu ya kusoma picha za kifua, na kwa nini muuguzi alipewa karatasi tu isemayo kwamba kampuni imebadili mwelekeo. Unasema Rufo, mnayekata naye zabibu mstari mmoja, anakohoa mwezi wa pili na ameambiwa tena ni nimonia. Nitakueleza yote, usinikatize, kaa usome mpaka mwisho.

Unajua tulivyoanza. Wewe uliambiwa nimonia mara tatu, ukamezeshwa vidonge, mpaka wakakukata kipande cha pafu ndipo mtu akatamka kwamba ni homa ya bonde, kuvu ya vumbi lile lile tulilolivuta tangu utotoni. Daktari Tolliver ndiye aliyetamka. Nilipokwenda Bakersfield kumshukuru, yule mama alinikazia macho akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia natengeneza programu za kompyuta. Akasema, "Basi acha kunishukuru, nitengenezee kitu kitakachowaamsha hawa wenzangu." Tukaanzia pale. Yeye alileta picha za wagonjwa wake wa miaka thelathini, na akiba yake ya uzeeni. Mimi nikamleta Yichen Zhou, niliyesoma naye chuo, kwa sababu sijaona mtu anayeifundisha mashine kuona kama yeye. Miaka minne tulikaa juu ya duka la mikate, mimi na wenzangu saba, tukinuka hamira. Na mashine ikaona, kaka. Kule Delano peke yake ilikamata watu kumi na tisa ambao madaktari walishawarudisha nyumbani.

Sasa mji huu umeingiwa na wazimu. Makampuni makubwa yanagombania wanasayansi wa akili mnemba kama timu zinavyogombania wachezaji wa mpira. Vijana wakikutana kwenye foleni ya kahawa wanaulizana, "Wewe umefikia ngapi?" kama wanaouliza bei ya nyanya. Ambaye hajapigiwa simu anachekwa: "Pole, labda namba yako wameikosea." Nilikuwa nikicheka nao. Nilidhani sisi hawatuoni, maana nani atake watu wanaoshughulika na mapafu ya wachuma zabibu?

Walimwona Yichen. Mwezi wa tano kampuni moja, kubwa kuliko ninavyoweza kukueleza, ilimpigia akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno. Mkuu wa kampuni mwenyewe. Yichen alirudi ofisini mdomo umekufa ganzi nusu, akatusimulia huku mate yakimtoka, tukacheka hadi tukashika matumbo. Walimwahidi dola milioni kumi na mbili. Akawajibu ana kazi. Wiki iliyofuata zikawa thelathini. Akasema bado ana kazi, lakini safari hii hakutusimulia yeye, tulisikia kwa watu wa kahawa. Halafu akaja mtu wao anayeitwa Halloran, meno meupe, viatu visivyojua tope, akakaa kwenye kiti changu bila kuombwa. Alitazama picha za mapafu ukutani akamuuliza Yichen, "Hivi kweli kichwa kama chako unakipoteza kwa kikohozi cha wakulima?" Nilikuwa nimesimama pale pale, kaka, na mabakuli ya pansit, zile tambi za kwetu, niliyopika kwa ajili ya wote. Nilimwambia kikohozi hicho kimemkata kaka yangu pafu. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba anasikitika, kisha akaomba uma.

Ya mwisho ilikuwa dola milioni tisini kwa miaka minne, na saa ishirini na nne za kujibu. Kumtaka Yichen peke yake hakukutosha. Walitaka na vijana wake wawili, na haki ya kutumia mbinu yake yote ya kufundishia mashine, na kwa hiyo walikuwa tayari kuilipa kampuni yetu. Wanne waliobaki hawakutakiwa. Mashine ya mapafu haikutakiwa pia. Iliandikwa wazi kwamba itawekwa kando.

Bodi ilikaa kesho yake asubuhi. Bwana Prentiss, mwekezaji wetu, alikuja na keki. Alieleza kwamba hii ndiyo ndoto ya kila kampuni ndogo. Daktari Tolliver alimwacha amalize, akamuuliza wagonjwa wa Delano na Arvin nani atawasomea picha zao Jumatatu. Prentiss akasema, "Daktari, tafadhali, hii ni biashara." Yule mama akasema, "Wateja wa biashara hiyo mimi nimewazika. Wewe umemzika nani?" Hakuna aliyegusa keki. Kura zikapigwa, bodi ikakubali, na kabla ya saa sita Yichen alikuwa anatia vitu vyake kwenye sanduku.

Nilimchukia, sikufichi. Nilimfuata hadi kwenye gari nikamwambia maneno ambayo Mama angeyasikia angenichapa mdomoni. Akapakia sanduku lake akaondoka. Sasa hivi, kwa maelezo ya watu wanaofanya kazi naye, yule mtu aliyeweza kuona kuvu ya ukubwa wa punje ya mchele ndani ya pafu anaifundisha mashine kujua ni video gani ikufuatie ili usiiweke simu chini. Wale wanne wetu waliambiwa warudishe funguo. Daktari Tolliver alikwenda zahanati zote sita zilizokuwa na mashine yetu, yeye mwenyewe, kwa gari lake, kuomba radhi. Hajapokea simu yangu hata mara moja.

Sasa nifike ninapopaogopa.

Nimeandika bodi hivi, bodi vile, kana kwamba bodi ni jitu lililotoka mwituni. Bodi ni watu watatu. Prentiss alisema ndiyo. Daktari Tolliver alisema hapana. Wa tatu ni mimi.

Na kuna baya zaidi. Asubuhi ile kabla ya kikao Yichen alinisubiri kwenye ngazi za duka la mikate. Hakuwa amelala. Alisema mama yake huko Hefei amekwishasikia habari za hizo pesa na analia kwa furaha, mkewe ameshatazama nyumba, na yeye ulimi wake hauwezi kutoa neno hapana. Akasema wale watu hawamtaki bila mbinu, na mbinu ni ya kampuni, kwa hiyo bodi ikikataa, wataondoka. Akanishika mkono. "Minda, nikatazeni. Mkinikataza nitabaki, na nitakasirika mwezi mmoja, halafu nitawashukuru." Hayo ndiyo maneno yake. Nikamwambia sawa, usiwe na wasiwasi, kaka yangu ana pafu moja na nusu, unadhani mimi nitasema ndiyo?

Kisha nikapanda, na Prentiss akanisogezea karatasi yenye fungu langu kama mwanzilishi. Niliitazama muda mfupi tu. Nilifikiria zile siku ulizokohoa usiku na mchana, nikafikiria nyumba ya Mama yenye madirisha yanayoingiza vumbi hata yakifungwa. Nikajiambia nafanya kwa ajili yenu. Nikainua mkono. Yichen alikuwa anatutazama kupitia kioo cha mlango, na uso wake ulivyobadilika ninao mpaka leo. Halafu nikawa na ujasiri wa kumfuata kwenye gari kumtukana.

Nyumba ya Mama, Manong. Ile mpya, yenye mashine ya kuchuja hewa, ambayo anawatembeza wageni chumba kwa chumba, na wewe ukasimama kanisani ukasema dada yako amelipwa kwa bidii yake. Ndiyo hiyo. Mnavuta hewa safi ndani ya kura yangu, na Rufo yuko nje.

Nina hasira na wenye pesa wanaodhani kila kichwa kina bei, nina hasira na Prentiss na keki yake, na hasira zote nikizichekecha naona wao waliuliza bei tu. Mimi ndiye niliyeitaja. Usinifariji. Najua utataka kuniambia kwamba hata wewe ungefanya hivyo. Usiseme, kwa sababu siamini, na hata kama ni kweli haitamsaidia mtu.

Nitakuja Jumapili baada ya misa nimweleze Mama mwenyewe, nakuomba usinitangulie. Akitaka kuhama nyumba ile, nitambebea vitu. Ila jambo la Rufo lisingoje Jumapili. Mpeleke Bakersfield kwa Daktari Tolliver, mwambie aombe kipimo cha damu cha homa ya bonde, asikubali kurudishwa na vidonge tena. Nenda kesho, hata kama msimamizi atawakata malipo ya siku. Ukifika, mwambie daktari ni mimi niliyekutuma. Jina langu litamchefua na pengine atakufokea wewe, mwache afoke. Akimaliza atamwambia Rufo avue shati, atamsikiliza mgongo.

Wasalimie wote nyumbani, wabusu watoto, na wifi mwambie nimemkumbuka. Mungu awalinde na vumbi.

Ni mimi mdogo wako,
Luzviminda