Waya wa Kutoka Nguzoni

Jumatatu, 4 Machi

Chekechea ya wifi imekwisha kufungwa umeme. Kimebaki kipande kimoja tu: waya unaotoka kwenye swichi ya shirika la umeme pale nguzoni, unapita chini ya ua hadi ukutani. Ukiwa ni wa shirika, nyaya mbili zatosha. Ukihesabiwa wa jengo, lazima niongeze wa tatu, wa ardhi, wa kupeleka shoti udongoni isimpate mtu. Mkaguzi wa shirika kasema ni wao mpaka ukutani — nisiongeze kitu. Nikabisha. Akacheka: "Mama fundi, wewe ndiye utatufundisha mipaka yetu?" Wifi akamuunga mkono. Nikafukia mtaro.

Jumatano, 6 Machi

Bomba la kunawia pale chekechea linapiga shoti! Mpishi kaligusa, karuka, sufuria huko. Nimepima — kweli, bomba lina umeme. Nikampigia mkaguzi. Leo ana wimbo mwingine: shirika linaishia kwenye swichi, kuanzia hapo ni mzigo wa fundi. Juzi wao, leo mimi! Namkumbusha maneno yake, eti hakumbuki. Mtu mzima!

Ijumaa, 8 Machi

Wifi alikuja nyumbani. Hata kuketi hakuketi. Eti nimemharibia jina. Mume wangu akajaribu: "Dada, mwache kwanza ale." Wapi! Nimemwomba wiki moja nichimbe upya, nitie waya wa ardhi. Hataki. Jumatatu watoto wanaingia, wataambiwa wasiguse bomba.

Watoto wa miaka mitatu! Wasiguse bomba! Mtoto akililia wembe mpe — sawa, lakini si mtoto wa mwenzio.

Jumatatu, 11 Machi

Nimewahi. Nimezima swichi ya nguzoni, nimetia kufuli langu. Naandika nimekalia ndoo, mgongo kwenye nguzo. Wazazi wamejaa getini na watoto wao. Wifi kamleta mkaguzi, shati halijachomekwa vizuri. Anafoka: "Fungua! Swichi na waya wake ni mali ya shirika, utashtakiwa!"

Waya wake!

Nimesimama, nimejibu kwa sauti, wazazi wote wasikie: "Kumbe ni wenu? Haya, nawasha. Tangulia wewe ukanawe mikono."

Hajasogea. Wifi kaacha kunitazama mimi, anamtazama yeye.